Mfasiri wa Ndugu Gatakaa

Gatakaa alikuwa akimalizia andazi lake la pili, katika hoteli moja ya mtaa wa Bulla Pesa, aliposikia habari za utajiri wake. Aliyezileta ni Wario, mfanyabiashara wa mifugo, na alizileta kwa hasira.

"Wallahi, mbuzi kama hizo sijaona," Wario alimwambia mwenye hoteli. "Zimenona mpaka zinatembea pole pole. Lakini hao Wakristo wa ng'ambo ya mto hawauzi! Ukiuliza mwenyewe ni nani, wanasema ni ya wote. Wanakula sufuria moja, wanavaliana nguo. Mpaka Roho aseme ndio wauze. Sasa huyo Roho mimi nitamtafuta wapi?"

Gatakaa aliliweka andazi chini. Mali isiyo na mwenyewe! Katika kazi yake, na tumpe heshima yake kwa kuwa alikuwa fundi, aliwahi kuuza kiwanja kimoja kwa watu watatu, na maji ya chumvi kama dawa ya macho. Kilichomharibia siku zote ni wenyewe kutokea.

"Salaam aleikum, mzee. Hizo mbuzi nikizifikisha soko ya Oldonyiro, utanunua?" akamwuliza Wario.

"Aleikum salaam. Nitanunua zote. Lakini ukuje na mbuzi, si mdomo."

Jumapili Gatakaa alivuka mto akiwa amevaa suti ya Kaunda ya rangi ya samawati na viatu vya raizoni vya kisigino kirefu, vile vilivyokuwa vikisumbua mji mwaka ule wa sabini na nane. Hiyo suti na hivyo viatu ndivyo vilivyokuwa mtaji wake wote. Bila hivyo alikuwa mtu mwenye njaa tu, kama wengine.

Wanajumuiya walimkumbatia mmoja mmoja, kwa upendo mwingi hata akajipapasa mfuko. Nyimbo zilipopamba moto, akapiga magoti, akatetemeka, akapaza sauti: "Shalabanda! Rikotoro mashanda!" Kisha akainuka akijipangusa jasho. "Wapendwa, Roho amenena juu ya mbuzi..."

"Ngoja, ndugu," akasema Mzee Lokwawi, kiongozi wao. "Kwetu hapa mwenye kunena kwa lugha hafasiri. Hiyo ni karama ya mwingine. Mama Gladys!"

Mama Gladys, mpishi wa jumuiya, aliinuka pole pole. Alikuwa mnene, mwenye macho ya usingizi. Alikunja mikono akamtazama mgeni kuanzia juu hadi chini, na huko chini macho yakakaa kidogo.

"Roho anasema, mtumishi huyu viatu vimemchosha. Ameona Ndugu Tache anaenda shamba na miguu mitupu, moyo ukamwuma."

"Amina!" Watu wakaitikia, na kabla Gatakaa hajafumba mdomo, mikono ya upendo ilikuwa imekwisha kumfungua kamba.

Potelea mbali, akawaza, mbuzi ni wengi kuliko viatu. Akatetemeka upya, na safari hii akaweka alama ili mama asipotee njia. "Mashanda Oldonyiro! Rikotoro mbuzi, Oldonyiro!"

Mama Gladys alifumba macho. "Anaikataa Oldonyiro. Alikuwa na biashara mbaya huko, leo ameiacha. Na suti ni ya hiyo biashara, hataki kuiona. Ndugu Dullo anaoa Jumamosi, itamtosha."

"Mimi sikusema hivyo!"

"Kwani ulikuwa unaelewa?" Mzee Lokwawi aliuliza, na mshangao wake ulikuwa wa kweli. "Kama unaelewa, basi hiyo si karama. Ni wewe tu ulikuwa unaongea."

Kanisa zima likamgeukia. Gatakaa aliwatazama wanaume waliokaa karibu na mlango, wapasua mawe wote. "Sielewi," akasema kwa sauti ndogo.

"Halafu kuna neno lilibaki," akaongeza Mama Gladys. "Anaomba kuchunga mbuzi."

Basi Jumatatu Gatakaa alikuwa porini na mbuzi wote, peke yake, bila mlinzi. Mnaona neema hiyo! Aliwaswaga kuelekea Oldonyiro akicheka, shuka begani. Lakini miiba ya migunga haijui mjanja, na miguu iliyozoea raizoni ni laini. Jua lilipokuwa kali alikuwa ameketi chini, akichomoa miiba na kulia kwa hasira.

Mama Gladys akamkuta hapo. Alibeba bakuli la githeri na jozi ya akala.

"Nilijua umepitia huku," akasema. "Mimi pia nilipitia huku huku."

"Wewe?"

"Nilikuja kuiba sufuria, ile kubwa. Nilinena kwa lugha mpaka povu likanitoka. Mama mmoja, sasa ni marehemu, akafasiri bangili zangu zote, kisha akanipa kazi ya jikoni." Akaweka akala karibu na miguu ya Gatakaa. "Vaa. Oldonyiro ni kule, nyumbani ni huku. Lakini kula kwanza."

Akaondoka bila kugeuka nyuma. Gatakaa alikula. Kwa miaka mingi kila aliyemfuata alimfuata na rungu, na sasa moyo ulimwuma, naye akauchukia kwa kumwuma. Alivaa akala, akasimama. Mbuzi, kwa kiu, walikuwa wamekwisha kugeukia nyumbani. Akajiambia kwamba anawafuata tu.

Wario alingoja Oldonyiro mpaka soko likavunjika, na matusi yake yalifika hata Merti, mbali kule.

Mvua zilipoanza, Jumapili moja akaja mgeni mwenye miwani ya jua. Alipiga magoti, akatetemeka, akanena maneno marefu yasiyojulikana.

"Mama Gladys!" akaita Mzee Lokwawi.

Mama Gladys alishika shavu. "Leo jino linaniuma. Ndugu Gatakaa, simama wewe."

Gatakaa akasimama, akakunja mikono, akamtazama mgeni miguuni. Viatu vilikuwa vipya, na vilikuwa saizi yake.