Kitabu Nilichowasifia Akina Mama wa Ibighi

Jamani, leo nimeaibika mbele ya akina mama kumi na wanne, na bata watatu wakashuhudia. Naandika haya nikiwa jikoni, mabuti yenye tope bado yako mguuni, maana nguvu ya kuyavua sina.

Nianze mwanzo. Mnajua mimi ni fundi cherehani hapa Ibighi, Tukuyu, na mnajua napenda kusoma. Hilo la pili ndilo limeniponza. Kwenye kikundi chetu cha bustani, mtu akiuliza WhatsApp kwa nini majani ya nyanya zake yanajikunja, wenzangu wanaandika "pole." Mimi naandika "kitabu kinasema." Ikafika siku Mama Tuma, mwenyekiti wetu, akatangaza kwamba mimi ndiye nitakayewachagulia wanakikundi vitabu vya kilimo cha mboga na matunda. Nilikubali kabla hajamaliza sentensi. (Cheo ni kitamu, msinilaumu.)

Nikapendekeza vitatu. Kimoja chembamba, cha dawa za asili za wadudu, zile za kutwanga pilipili na kitunguu saumu. Kingine cha maparachichi. Cha tatu ndicho nilichokisifia hadi mate yakanikauka: kinene, jalada la kijani, picha za rangi za mboga kila ukurasa. Niliwaandikia, "Wapendwa, ukiacha Biblia, kama ni kusoma kitabu kimoja tu, someni hiki." Nikapiga picha ukurasa wa arobaini na mbili, nikautuma kwenye kundi. Ukurasa huo unafundisha kuchimba kitanda cha mboga kwenda chini, kina cha goti, ili mvua ikinyesha maji yabaki humohumo yasipotee.

Maji yasipotee. Tukuyu. Mahali ambapo shuka ukilianika Jumatatu unalianua Alhamisi, bado bichi. Na mimi nikaona ni maarifa.

Wiki tatu zilizopita mume wangu, Baba Lusekelo, alinikuta nachimba. Akasimama na kikombe chake cha chai.

"Mama Lusekelo, hilo kaburi la nani?"

"Ni kitanda cha mboga. Kinatunza maji."

"Maji ya hapa nayo yanatunzwa?"

"Wewe umesoma kitabu gani cha kilimo?"

Akaenda kumalizia chai yake upande wa pili wa nyumba. Nilihesabu nimeshinda. Nikachimba vitanda sita, nikapanda kabichi, spinachi na karoti. Mvua za siku hizo zilikuwa manyunyu tu, mboga zikashika, nikazidi kuvimba kichwa.

Leo ilikuwa zamu ya kikundi kuja kwangu kujifunza kwa macho. Asubuhi jua liliwaka vizuri. Nikachemsha magimbi, nikapika chai ya maziwa, nikapanga viti uani. Kitabu nikakiweka peke yake juu ya stuli yenye kitambaa, kama mgeni rasmi. Saa nne wenzangu wakafika. Mama Tuma akafungua kwa sala, na tone la kwanza likadondoka kwenye sufuria akiwa katikati. Alipofika "amina" sote tulikuwa tumeshakimbilia kibarazani, mimi nimekumbatia kitabu.

Sasa, kibaraza changu kinatazama bustani moja kwa moja.

Ndani ya robo saa vitanda vyote sita vilijaa hadi ukingoni. Kabichi zikabaki vichwa juu ya maji kama watu wanaobatizwa. Karoti sikuziona tena. Halafu bata wa jirani wakapenya chini ya ua, wakaingia kwenye spinachi, wakaanza kuogelea, mmoja nyuma ya mwingine, wametulia kabisa. Wenzangu wana adabu. Kila mmoja aliinama akawa anatazama viatu vyake, mabega yanatikisika.

"Mama Lusekelo," Mama Tuma akasema taratibu, "umehamia kwenye mpunga? Maana naona Kyela imetufuata huku juu."

"Ni kilimo cha kisasa," nikajibu. "Maji yatanywea."

"Yatanywea lini?"

"Kitabu kinasema tuwe na subira."

(Kitabu hakisemi hivyo. Nilikuwa nasema mimi.)

Nikatafuta namna ya kuwatoa macho kwenye bata, na hapo ndipo nilipojimaliza. Nikampa kitabu Bibi Anyelwisye atusomee. Bibi ndiye mkubwa wetu. Alijifunza kusoma akiwa na wajukuu tayari, kwenye darasa la watu wazima, na hakuna kinachompendeza kama kusoma mbele za watu. Nikamfungulia ukurasa wa arobaini na mbili. Akavaa miwani, akautazama, kisha akarudisha kurasa zote nyuma hadi kwenye jalada.

"Bibi, ni hapa katikati."

"Mwanangu, mimi kitabu sikianzii tumboni. Nakianzia kichwani."

Akaanza. Akasoma jina la kitabu. Akasoma sanduku la posta la mchapishaji. Akasoma "haki zote zimehifadhiwa" mara mbili, kwa sababu aliipenda. Kidole kinatembea chini ya kila neno, mvua inapiga bati, bata wanaogelea. Hatimaye akafika kwenye dibaji, ukurasa ambao mimi, nakiri mbele yenu, sijawahi kuusoma katika kitabu chochote tangu nizaliwe.

"Kitabu hiki... kimeandikwa... kwa wakulima... wa maeneo makavu... yenye mvua... haba." Akavuta pumzi. "Wakulima... wa maeneo... ya mvua nyingi... wasitumie... njia hizi... kwani mimea... itaoza."

Akakiweka kitabu magotini. Akaitazama mvua, akanitazama mimi, akauliza kwa nia njema kabisa, "Haba ndiyo nyingi au ndiyo kidogo?"

"Ndiyo kidogo, Bibi," nikasema.

Kicheko kilichotoka hapo, nina hakika walikisikia Kiwira. Mtu mmoja tu hakucheka. Mama Neema, anayelima Isongole, alikuwa amesimama, mkono mdomoni.

"Kwa hiyo kabichi zangu hazikuwa na ugonjwa," akasema.

"Zimefanyaje?" Mama Tuma akauliza.

"Zimeoza zote. Isongole mvua haikuwa manyunyu kama huku. Nilichimba vitanda vinane kama ile picha. Na juzi nimeenda dukani kwa Mzee Saidi wa pembejeo, nikamwambia mbele ya wateja kwamba anauza mbegu mbovu. Nikamwita tapeli."

Kicheko kikakatika. Vitanda vinane. Mimi vyangu naweza kuvitania, lakini Mama Neema kabichi ndiyo tegemeo lake, na alichimba kwa sababu aliniamini. Magimbi yangu yalipoa pale bila kuguswa.

Mvua ilipokatika tukaenda mjini kwa miguu, Mama Neema, Mama Tuma na mimi, kumwomba radhi yule mzee. Duka lilikuwa limejaa watu. (Bila shaka. Siku ya aibu duka haliwi tupu.) Mama Neema akanisukuma mbele. "Sema wewe, ndiwe mwenye kitabu." Nikaeleza yote, na bata nikawataja. Mzee Saidi alisikiliza ameegemea kaunta.

"Yaani mimi nimetukanwa," akasema, "kwa sababu ya ukurasa aliouruka fundi cherehani?"

"Ndiyo, Mzee. Tunaomba utusamehe."

"Nimesamehe, mama zangu. Hebu nikione." Akakipekua mwanzo hadi mwisho, dibaji akaisoma. "Mbona kizuri hiki? Mdogo wangu yuko Dodoma, kila akipiga simu ni kilio cha ukame. Niachieni nimpelekee."

Nikamwachia. Kisha, kwa kuwa sijifunzi, nikamuuliza kama anacho kitabu kinachofaa huku kwetu.

"Huku kwenu inua udongo, panda juu yake, chimba mfereji pembeni," akasema. "Hilo nalo linataka kitabu?"

Wateja wakacheka. Lakini Mama Neema akafungiwa mbegu nyingine za kabichi, na njiani kurudi akanishika mkono, akasema ananidai siku moja ya kazi shambani kwake. Nimemwambia hata tatu. Kuhusu cheo changu, Mama Tuma kasema nabaki nacho, ila kila kitabu nitakachochagua kitapita kwanza kwa Bibi Anyelwisye, kuanzia jalada. Bibi ameshachukua kile cha maparachichi. Jioni hii amenipigia simu kwamba yuko kwenye sanduku la posta.

Kesho saa mbili asubuhi tunaanza kufukia, kwangu kwanza, halafu Isongole. Mnaocheka nawaona, na kila anayecheka nimemwandika: aje na jembe lake.