Malalamiko Dhidi ya Ubao wa Mistari Minne

Rumonge, Jumatatu, tarehe 10 Agosti 1998

Kwa Ndugu Ismaili,
Mwenyekiti wa Kamati ya Kinu cha Wote,
Karakana ya useremala, Rumonge.

Kuhusu: Kuondolewa kwa ubao

Ndugu Mwenyekiti,

Amahoro. Natumaini barua hii itakukuta mzima, na kwamba kile kidole ulichokipiga nyundo wiki iliyopita kimeanza kupona. Mimi si mtu wa kulalamika. Tulipogawiwa maharage yenye wadudu miezi mitatu mfululizo nilinyamaza, na wewe ni shahidi. Lakini safari hii maji yamenifika shingoni, na nimeona ni heri niandike kuliko kugombana na wanawake barabarani.

Nakukumbusha mambo unayoyajua, ili yabaki kwenye faili. Vikwazo vya biashara vilipotukosesha mafuta ya mazutu na kinu cha injini kikanyamaza, wewe ulichukua kipande cha mkaa ukachora kwenye ukuta wa karakana yako kinu cha mkono cha kukamulia mawese. Hakina bolti, kinashikwa na kabari nne za mti. Ukasema anayetaka akinakili, na atakayepata njia bora achore njia yake pembeni, wengine waione. Hukudai kitu kwa mtu. Kamati ikaona kwamba wageni wanaingia Rumonge kila siku, wengine wakitoka milimani, wengine wakivuka ziwa kama nilivyovuka mimi, na wote wanasimama mbele ya kile kitu wakikishangaa. Mkanichagua mimi, mwalimu wa zamani wa historia kule Uvira, niwaeleze. Mkanipa kiti chenye mikono na daftari.

Kazi hiyo niliifanya kwa moyo. Niliandika Tamko la Madhumuni, kurasa kumi na nne, ambalo sentensi yake ya kwanza naijua kwa kichwa: «Kinu cha Wote ni mpango shirikishi, mwepesi, wa kisasa na wenye kupanuka, unaowawezesha wadau wote kuyafikia mabadiliko ya hali kwa njia inayojitegemea.» Hakuna aliyewahi kuipinga sentensi hiyo. Neno «mawese» linaonekana kwa mara ya kwanza ukurasa wa tisa, kwa sababu sikutaka kumshtua msikilizaji.

Sasa malalamiko yangu.

Kwanza. Juni mwaka huu, bila kikao wala kura, Kulthumu muuza ndagala, wale dagaa wa ziwani, alipigilia ubao juu ya kiti changu. Juu kabisa, Ndugu Mwenyekiti, kiasi kwamba watu wanausoma kwa kunipitishia macho kichwani. Ubao wenyewe ni wa kasha la sabuni. Ameandika hivi, nami nanakili bila kusahihisha:

«Hii ni kinu ya kukamua mawese.
Inafunguka vipande tano. Ukikimbia, beba.
Muchoro ni ya kila mutu. Tengeneza yako, hakuna kulipa.
Ukipata njia nzuri kuliko hii, chora hapa.»

Basi. Hakuna utangulizi. Hakuna majina ya wajumbe wa kamati. Historia ya mchikichi, ambayo mimi naianzia zamani sana na kuimaliza saa moja baadaye, haikuguswa hata kidogo.

Pili. Ubao umeniulia foleni. Unajua watu wetu: siku hizi ukikaa Rumonge mahali popote na daftari, nyuma yako unapangwa mstari. Walikuja na mabeseni, na kadi za mgao, na watoto wamefungwa mgongoni. Walikaa saa mbili, saa tatu, kimya, wakinisikiliza huku wakitazama kama lori la mgao linakuja. Niliwaandika mia nne na kumi na wawili. Wachache walipoliona daftari waligeuka wakaenda mbio, maana kuna madaftari ya namna nyingine, ya majina ya watu wanaosakwa; hao sikuwaandika. Tangu ubao uwekwe, mgeni anafika, anasoma, anatikisa kichwa, anakwenda kutafuta mbao. Wiki nzima iliyopita nimeandika jina moja, nalo ni la mzee asiyeona vizuri.

Tatu. Hapa itanibidi nieleze chanzo cha ubao, maana najua yule mama ameshakupa upande wake. Mwezi wa tano risasi ziliposikika karibu na kambi ya jeshi, watu wote walikimbia, na Riziki naye, yule mjane wa nyuma ya soko. Alikuwa na kinu chake kizima uani. Akakisukuma, kikamshinda, akakiacha. Aliporudi Juni alikuta majivu na ile parafujo ya chuma ya kukandamizia chikichi imepinda. Kinu ndicho kilichokuwa kinamlisha yeye na watoto wake wanne. Sasa anawachotea watu maji. Jambo la kusikitisha, nami nilisikitika. Lakini Kulthumu alikuja mpaka kwenye kiti changu, mkebe wa kupimia ndagala ungali mkononi, akaniuliza mbele ya watu: «Mwalimu, Riziki alikuwa anajua ile kitu inafunguka?»

Nilimjibu kwa utulivu. Kufunguka kwa kinu kumeelezwa vizuri sana ukurasa wa kumi na moja. Riziki alihudhuria maelezo yangu mara mbili, na mara zote mbili aliondoka ukurasa wa sita kwenda kunyonyesha. Angekuja mara ya tatu angejua. Watu waliinamia mabeseni yao. Mimi nililichukua hilo kuwa ni kukubali, nikaendelea na somo. Kesho yake nikakuta ubao.

Nne. Vinu vimezaliana ovyo. Zamani vilikuwa vitatu, navyo nilivijua. Sasa kuanzia hapa mpaka Muhuta nimesikia ni kumi na kimoja, na wenye navyo hawajui hata kamati iliundwa lini. Aristide, mkimbizi wa juzi kutoka milimani, amepunguza miguu ya kinu chake ili mkamuaji afanye kazi akiwa amekaa. Hakuomba ruhusa. Kibaya zaidi, miguu mifupi ni mizuri kuliko ile yetu, na alirudi mwenyewe akaichora ukutani, pembeni ya mchoro wako, na wewe ukampa mkono. Nilikuwepo. Hukuniangalia.

Tano, na hili ni la nyumbani, ila linahusika. Mke wangu Généreuse ameniheshimu miaka yote miwili niliyoandika Tamko. Alinyamazisha watoto wa jirani nikiwa ukurasa wa nne. Alipoulizwa mumewe anafanya kazi gani, alisema ni kazi ya kamati, na hakuendelea. Mwezi uliopita alipita karakana akitoka sokoni, akausoma ubao, akafika nyumbani, akaweka kapu chini na kuniambia: «Kumbe ni hiyo tu?» Baada ya siku nane kulikuwa na kinu uani kwangu. Kimetengenezwa bila maelezo yangu, nami nakipita kila asubuhi nikienda kueleza.

Kwa hiyo, Ndugu Mwenyekiti, naomba kwa unyenyekevu yafuatayo.

(a) Ubao uondolewe. (b) Ikishindikana, ugeuzwe maandishi yaangalie ukuta. (c) Ikishindikana hiyo pia, upandishwe juu ya paa, mahali ambapo atakayetaka kuusoma ataomba ngazi, na ngazi ikae kwangu. (d) Wale wote walioelewa kwa njia ya ubao warudi waandikishwe, waelezwe upya tangu mwanzo, ili wajue kwamba walichoelewa sicho, au ndicho lakini hawakukielewa kwa utaratibu. (e) Kulthumu aombwe asifafanue kitu chochote tena. Ndagala wake hawahitaji maelezo, na hilo ndilo limemharibu.

Sisemi haya kwa wivu. Mtu aliyekimbia nchi yake akaacha shule, vitabu na wanafunzi sitini na wawili hana wivu tena na ubao. Ninachosema ni kwamba nilikuwa na kiti, na watu walikuwa wanakuja kunisikiliza, na sasa kiti kipo na watu hawapo. Hilo linaniuma, na sioni haya kuliandika.

Nifikishie salamu zangu kwa mama Mwanvua wa nyumbani kwako, kwa wajumbe wote wa kamati, waliopo na waliosafiri bila kuaga, kwa jirani zako wa kulia, na wa kushoto kama wamerudi. Hata Kulthumu msalimie. Ugomvi wetu ni wa kikazi.

Murakoze, nashukuru. Ndimi wako mtiifu katika ujenzi wa kinu,

Mwalimu Bahizire Cikuru,
Mfafanuzi wa Kinu cha Wote

N.B. Gitaza, Jumapili, tarehe 16.

Ndugu Mwenyekiti, barua hii ilikuwa bado mfukoni mwangu Jumatano asubuhi, mambo yalipoanza tena upande wa kambi. Usipoiona tarehe ya juu kuwa sawa, sababu ni hiyo. Nilikuwa chumbani natafuta Tamko. Généreuse alichukua mchi akagonga kabari nne, moja baada ya nyingine, na kabla sijaupata ukurasa wa kumi na moja kinu kilikuwa vipande vitano chini. Viwili alichukua yeye, viwili akawapa jirani, kimoja akanitwika mimi kichwani. Sikuwa nakijua kipande chenyewe. Nilitembea nacho siku mbili.

Njiani mwanamke mmoja aliniuliza: «Papa, unabeba nini?» Nikaanza na mpango shirikishi, mwepesi, wa kisasa. Alikuwa ameshatupita. Généreuse nyuma yangu akamwambia mistari miwili ya kwanza ya ubao, na yule mama akageuka, akarudi, akanisaidia kubeba.

Hapa Gitaza kinu kimesimama na kinakamua. Chikichi tunaletewa na watu wa juu ya barabara. Kurasa nane za kwanza za Tamko zimewasha moto wa kuchemshia, na sijasikia mtu akilalamika kwamba kuna kitu hakielewi.

Riziki yuko hapa pia na watoto wote wanne. Jana alisimama mbele ya kinu, akaniuliza kama na hiki hakibebeki. Nikamjibu: «Inafunguka, mama. Vipande tano. Ukikimbia, beba.» Akazishika kabari moja moja. Akaniuliza kwa nini sikumwambia hivyo zamani. Nikaenda kumtafutia mti, Ndugu Mwenyekiti, na tangu jana sijalala vizuri. Leo ameanza kuchonga miguu ya kinu chake, mifupi, kama ya Aristide.

Kila asubuhi wanakuja wageni wanane au tisa, wanasimama, wanauliza hii ni nini. Mistari mitatu naikumbuka. Wa nne unanipotea, na Généreuse yuko kwenye kukamua, hana nafasi. Kama Kulthumu yu hai, na kama karakana ipo, muombe aniandikie yote minne kwenye ubao mwingine, ampe mleta barua hii. Asiongeze neno.

Kiti mpeni yeye. Na ule ubao wake, tafadhali, usiguswe.