Sentimita Hamsini na Mbili za Shaba

Jumatatu, 3 Machi

Mjomba ametangaza: atakayeunda mita ya ampea ya ubao wa kuchajia betri kufikia Jumamosi, chumba cha ndani cha karakana ni chake. Kina meza, dirisha na mlango. Mlango! Unaofungwa! Miaka miwili sasa napiga hesabu zangu kati ya ngazi na pipa la tindikali, Koleo akinipigia mluzi sikioni. Koleo ni fundi mwenzangu. Umeme hakuusomea popote. Huchuna waya kwa meno. Huniita Msomi, na si kwa kunisifu. Mshindani wangu ndiye huyo tu. Nimeshaanza kufikiria pazia.

Jumanne, 4 Machi

Mita yetu ni ndogo. Ikipitishiwa ampea arobaini itaungua. Basi mkondo unapitia kwenye kikinza kinene, shanti, na mita inasoma kavolti kadogo kanakopotea humo. Shanti zinauzwa dukani, namba zimepigwa chapa ubavuni. Kununua! Na stashahada yangu! Nimepiga hesabu: waya wa shaba, unene milimita sita za mraba, urefu sentimita hamsini na mbili nukta tatu. Nimekata vipande vitatu ndipo kimoja kikatii. Nikakikunja kama springi, nikakifungia ndani ya kisanduku cha mbao, Koleo asije akaniibia wazo.

Jumatano, 5 Machi

Chaja ikawashwa. Mita: arobaini kamili. Nilikaribia kulia. Nusu saa baadaye: arobaini na tatu. Kisha arobaini na sita. Mita ya kubana ya mjomba, inayoumia waya kwa nje na kusoma mkondo wake, ikashikilia arobaini bila aibu. Shaba ikipata joto hukinza zaidi, kavolti kanapanda na mita inadanganyika. Nalijua hilo! Limo kwenye daftari langu la mwaka wa pili, limepigiwa mstari mwekundu.

Koleo akaja kuchungulia. Akauliza kwa upole, upole unaoudhi, kwa nini nisichukue tu ya dukani, maana madini yake hayajali joto. Nikamjibu kwamba duniani kuna watu wa kufikiri na watu wa kununua. Akasema haya, basi yeye anaenda kununua.

Alhamisi, 6 Machi

Kama joto ndilo adui, nitalipoza. Nimetoboa kisanduku matundu kumi na nane. Haikutosha. Mama alipita karakana akanikuta nikiupepea waya kwa daftari. Akasema anashukuru, sasa anajua kwamba nina huruma, ingawa alitarajia ingeangukia mtu.

Ijumaa, 7 Machi

Nimepata feni! Ya rejeta ya gari bovu nyuma ya karakana. Ina nguvu za kumng'oa mtu kofia. Nimeiunga kwenye betri zilezile zinazochajiwa. Mita imesimama kwenye arobaini saa tatu nzima. Koleo amemaliza yake tangu jana na anashinda akila karanga. Maskini.

Jumamosi, 8 Machi

Mjomba akasoma mita yangu: arobaini. Akaweka mita ya kubana kwenye waya wa chaja: arobaini. Nikamtazama Koleo. Kisha mjomba akabana waya unaoingia kwenye betri. Akakunja uso. Akabana tena.

"Mwanangu, betri zinapata thelathini na mbili. Nane zinakwenda wapi?"

Nikasema zinapoza waya.

"Ili waya ufanye nini?"

"Useme arobaini."

Koleo akauficha uso kwenye kitambaa cha grisi, mabega yakimtikisika. Ya kwake ni shanti ya dukani na boliti nne. Kapewa chumba.

Jumatatu, 10 Machi

Koleo ameng'oa mlango. Ameulaza juu ya matofali, eti meza ya pili, na eti anapenda hewa. Nilitoka nje kidogo.

Mjomba akanifuata. Akasema ubao wa pili nao unahitaji mita, na stoo ya nyuma ina mlango vilevile. Akaniwekea mkononi shanti mpya ya dukani. Kazi ya dakika kumi, akasema, niifunge tu.

Ni kitu kizito, kimetulia vizuri. Nimekiweka juu ya michoro yangu isipeperuke. Maana kosa nimeshaliona: feni ilikuwa moja. Nimechora mbili.