Simu Iliyouzwa Mara Saba

Kitheka alimwona mama akivuka barabara, pochi ameibana kwapani, akajua Mungu hamtupi mja wake. Usimcheke. Kila mtu na riziki yake, na ya Kitheka, fundi wa simu mjini Machakos, ilikuwa simu moja ya Linux, ule mfumo wa wataalamu wa kompyuta, ambayo tayari alikuwa ameiuza mara sita.

Simu hiyo aliachiwa na mzungu aliyerudi kwao. Ndani haikuwa na kitu. Uhai wake wote, mfumo na programu, ulikaa kwenye kadi ndogo ya memori. Kadi ikiwemo, simu inawaka na kupiga vizuri. Kadi ikitoka, ni tofali. Kitheka humwonyesha mteja ikiwaka, akaizima, kisha akiifunga kwenye gazeti anaichomoa kadi kwa ukucha. Kesho mteja anarudi analia. "Aii, si umeiangusha kwa maji!" Kitheka humwambia kwa huruma, halafu anainunua tena kama chuma kikuukuu. Aliiuza bei ya kutupa kwa sababu alijua itarudi. Na hakuna aliyeenda polisi, maana wateja wake walikuwa waume waliotaka simu ambayo mke hawezi kuichungulia. Sasa hapo utamwambia askari nini?

"Mwaitu, karibu," akasema Kitheka, akimwita mama kwa Kikamba.

"Asante. Mimi ni Peris, natoka Mumbuni. Nimesikia uko na simu hakuna mtu anaweza kuchungulia. Niko na mambo yangu."

"Nani hana, mwaitu?" Akaiwasha, akampa.

Peris akaigeuza huku na huku. "Ni nzuri. Lakini mimi sinunui kitu bila kukiombea. Wewe umeokoka?"

"Mimi? Mimi ni shemasi!"

"Bwana asifiwe! Basi funga macho, ndugu shemasi."

Akafunga. Peris akaanza na Adamu. Akashuka hadi kwa Nuhu, akaombea mvua, mahindi ya Kivaa, watahiniwa, wajane na kila dereva wa barabara ya Nairobi. Kitheka akafungua jicho moja, akaona kidole cha mama kikigusa kioo.

"Ndugu, macho!"

Akayafumba haraka. Shemasi gani huchungulia? Miguu ilikuwa inawaka moto kwa kusimama. "Amina," akajaribu.

"Bado, ndugu. Roho hajamaliza." Akaombea ng'ombe. Akaombea mbuzi, mmoja mmoja kwa jina, na alipofika kwa mbuzi wa tatu akakata ghafla: "Amina!"

Akalipa. Kitheka akaizima simu, akaifunga kwenye gazeti, kadi ikabaki mfukoni mwake. "Uiwashe ukifika nyumbani, mwaitu. Iache ipumzike kwanza."

Kesho yake alimngoja. Keshokutwa pia. Wiki ikaisha, na Kitheka akaanza kukosa usingizi, kwa kuwa simu ile ndiyo iliyokuwa shamba lake na ng'ombe wake. Jumamosi akaenda Mumbuni.

Alimkuta Peris langoni pa nyumba yake na majirani wanne, simu mkononi, ikiimba nyimbo za kwaya. Kitheka akapapasa mfukoni. Kadi ilikuwepo.

"Inawakaje hiyo?" akauliza.

Peris akamvuta kando. "Mulwa unamkumbuka? Ulimuuzia mwezi jana. Ni bwana yangu. Yeye nimeshamalizana naye. Binti yetu Ann anafanya kazi ya kompyuta huko Syokimau. Kusikia vile simu ya baba yake ilikufa ikifika nyumbani, akajua ulitoa kadi, akaniambia, mama, kuna mahali pa kubonyeza, mfumo unatoka kwa kadi unaingia ndani ya simu yenyewe. Inachukua robo saa. Nikamuuliza, robo saa yote nitamshika huyo mtu aje? Akaniambia, mama, si wewe huwa unaomba?"

"Nirudishie simu yangu!" Kitheka akafoka.

Peris akapaza sauti. "Majirani, kujeni muone! Fundi ametoka mjini kulalamika. Ati simu aliniuzia inafanya kazi!"

Walicheka hadi mmoja akashika ua wa nyumba asianguke. Kisha Kamene, wa nyumba ya pili, akajifuta machozi, akamwangalia Kitheka kwa heshima. "Lakini fundi wa kufuatilia mteja mpaka nyumbani, wapi utampata siku hizi? Hata mimi nataka kama hiyo."

"Na mimi," akasema mwingine, akifungua fundo la leso.

Wakamzunguka wote wanne, pesa mkononi, wakigombania nani aanze, na Kitheka hakuwa na simu hata moja ya kuwauzia.