Mapokezi Rasmi ya Mvua Itetemia

Kwa furaha kubwa, Kamati ya Mapokezi ya Mvua, ambayo mimi ni Ofisa Itifaki wake, inautangazia umma kwamba tatizo la maji Itetemia limekwisha. Tabianchi imebadilika, mji umepanuka, nyumba mpya zimeota hadi mashambani na visima vimekauka. Tulikaa semina tukagundua chanzo: mvua huja bila kupokelewa. Hata wewe, usingepokelewa, ungerudi?

Tukaandaa turubai kubwa, viti vya plastiki na mgeni rasmi, Mheshimiwa Anselm, kutoka mjini. Agizo kwa wananchi lilikuwa moja: ndoo zote zipinduliwe kifudifudi, na asikinge mtu maji kabla mgeni rasmi hajaizindua mvua.

Sasa, siku hiyohiyo, pembeni ya uwanja wetu, Bi Mwamvita alikuwa anamwoza bintiye Najiat. Mchele ameshauchambua, nyama ipo, wageni wa Urambo wako njiani, na hana maji hata ya kusuuza sufuria. Aliniuliza kwa upole kama pilau nayo inasubiri itifaki. Nikamweleza kwamba pilau ni mdau muhimu.

Mvua, kwa utovu wa nidhamu, ikaja kabla ya Mheshimiwa. Nilishika kipaza sauti nikatangaza kwamba hiyo ni mvua ya majaribio na isihesabike. Wanawake wakasimama kando ya ndoo zao zilizopinduliwa, wakilowa kizalendo. Roho iliniuma kidogo, lakini itifaki ni itifaki.

Turubai likaanza kuvimba juu ya vichwa vyetu. Nassibu, aliyelifunga, akachukua ufagio alisukume kwa chini, maji yamwagike. Bi Mwamvita akamshika mkono.

"Acha, mwanangu. Wamesema ndoo. Turubai hawakulitaja."

Nililipitia agizo kichwani. Alikuwa sahihi, jambo lililoniudhi sana.

Mvua ilipokatika ndipo Mheshimiwa akafika, kwa miguu. Gari lilikuwa limenasa barabarani, na suti yake nyeupe ilikuwa tope tupu hadi kwenye kola. Akaomba maji ya kunawa.

"Shikamoo, Mheshimiwa," alisema Bi Mwamvita. "Maji yapo tele. Ila hayajazinduliwa."

Mheshimiwa akanitazama. Nikathibitisha. Akazindua hapohapo, bila hotuba, akakata utepe kwa mikono ya matope. Vigelegele vikapigwa, ndoo zikageuzwa, Nassibu akalegeza kamba upande mmoja. Kufumba na kufumbua turubai lilikuwa kavu, na Mheshimiwa bado anavua kiatu.

Jioni tulialikwa harusini, maana Bi Mwamvita hana kinyongo. Birika la kunawia lilizunguka, watu wakanawa, wakala pilau kwa mkono na kusifia. Lilipofika kwetu lilikuwa tupu. Mimi na Mheshimiwa tukaletewa vijiko.