Nyumba Isiyokula Mlima

Jumatatu, 8 Septemba

Mama mkwe amepiga simu. Mama Josephina hapigi simu ovyo. Akipiga, kuna msiba au kuna agizo. Leo lilikuwa agizo. Magoti yamekataa mlima, kwa hiyo anataka kukabidhi shamba lake la Kinole, kwenye milima ya Uluguru. Shamba la mdalasini! Na migomba yake! Na chemchemi juu kabisa! Kwa Waluguru shamba la ukoo hupita kwa mabinti, mkwe ni mshika jembe tu. Sawa. Mimi mtu wa Ifakara nitalishika hilo jembe bila kinyongo.

Mabinti ni wawili. Kuna mke wangu Magreth, na kuna dada yake Magdalena aliyeolewa na Ezekiel wa Mazimbu. Ezekiel anatengeneza kompyuta za chuo na hutembea kama vile umeme aliuvumbua yeye. Magreth analitaka shamba lile kuliko kitu kingine chochote. Alizaliwa pale, amechota maji pale. Aliposhika simu aliuliza habari za chemchemi kabla ya habari za magoti. Nilimwonea huruma kweli.

Lakini kuna sharti. Chemchemi siku hizi inadondosha tone moja moja. Msitu wa juu yake umegeuzwa mkaa, na mvua nazo zimepoteza ratiba. Kwa hiyo mama amesema shamba atampa binti ambaye nyumba yake haili mlima. Anakuja Ijumaa kujionea mwenyewe.

Nimekwenda kutazama korido. Magunia manane ya mkaa, yamejaa hadi shingoni! Si kosa langu. Redioni walisema kila siku watu waache mkaa wahamie nishati safi. Mtu mwenye akili akisikia kitu kinakwenda kuadimika, anakiweka akiba. Sasa akiba imenigeuka.

Jumanne, 9 Septemba

Nimekwenda Mazimbu kupeleleza. Nimejifanya nampelekea Ezekiel suruali aliyoniletea niipunguze kiuno. Nikakuta Magdalena amekaa sebuleni anasoma gazeti huku maharage yanajipika yenyewe kwenye presha kuka ya umeme. Hakuna wa kupepea! Hakuna wa kuchochea! Hiyo si kupika, hiyo ni uvivu wenye waya.

Nikamuuliza Ezekiel, mwanyumba wangu, kwa upole, mkaa una kosa gani. Kosa lilikuwa kuuliza. Alinieleza saa nzima. Ati miti hushika maji ya mvua na kuvuta hewa chafu. Ukiikata na kuichoma, hewa ile inarudi angani, inaifunika dunia kama blanketi, joto linapanda, mvua zinavurugika. Nikamuuliza umeme wake yeye unatoka wapi. Akasema mwingine kwenye maji, mwingine kwenye gesi ya ardhini. Maji yanatoka wapi? Milimani. Milimani kuna nini? Miti! Basi si kitu kilekile? Mimi nachoma mti, yeye anachoma mto. Ezekiel akashika kichwa kwa mikono miwili. Nadhani nilimbana.

Nikamwambia pia kwamba mkaa wangu umetoka porini upande wa Dakawa. Uluguru sijaigusa hata kijiti. Akasema hewa ni moja. Kama hewa ni moja, mbona Kinole kuna ukungu na sisi Mafiga tunaungua? Akaniambia suruali imekaa vizuri, ahsante, niwasalimie nyumbani.

Ila neno moja nimelishika. Blanketi linatengenezwa na kile kinachotoka nje kwenda angani. Je, kisipotoka nje? Nimeukosa usingizi wa mchana kwa kuwaza hilo.

Jumatano, 10 Septemba

Mpango umekamilika. Nimejishangaa mwenyewe.

Kwanza, mtungi wa gesi. Uliisha tangu Pasaka, na tangu hapo tunaukalia. Nimeufuta vumbi, nimeupaka mafuta ya kupikia ung'ae, nimeusimamisha jikoni pale mgeni atakapouona. Magreth akauliza kwa nini tusiujaze tu. Nikamjibu kwamba maharage ya gesi hayana ladha, na zaidi ya hayo hela yote imo kwenye magunia. Akaguna. Mguno wake naujua, una maneno kama mia mbili ndani yake.

Pili, na hapa ndipo penye akili. Mama mkwe haingii chumbani kwa mkwe wake. Haingii! Hata paa likiruka atasimama mlangoni aite. Katika nyumba nzima hakuna stoo salama kama chumba changu cha kulala. Nimehamishia humo magunia yote manane na jiko. Magreth akauliza tutalala wapi. Nikamwambia juu yake.

Amesema hatamdanganya mama yake. Akiulizwa atajibu. Nikamwomba basi asisimame karibu na maswali.

Alhamisi, 11 Septemba

Mgongo! Gunia la sita lina kipande chenye ncha.

Nimefanya jaribio la kuwasha jiko chumbani. Dakika kumi tu, jirani Mwaisha akapaza sauti ng'ambo ya ukuta, je, Bartholomeo kuna nini, mbona dirisha la chumbani linatoa moshi kama kibanda cha mishikaki? Hapo nikaona kasoro na dawa yake kwa pamoja. Nimechukua vipande vyote vya vitambaa vilivyobaki cherehanini nikaziba dirisha. Nimeziba na nafasi ya chini ya mlango. Sasa hakuna kitakachotoka. Kisipotoka hakifiki angani. Kisipofika angani blanketi halipo. Napika kwa mkaa na mlima hauumii! Hii Ezekiel hajawahi kuiwaza na kompyuta zake zote.

Ijumaa, 12 Septemba. Naandika chumbani.

Amefika. Amepanda gari la asubuhi kutoka Kinole na mkungu wa ndizi. Tumsifu Yesu Kristo, milele amina, maji ya kunywa, kiti. Amekagua jikoni. Ameuona mtungi. Kwa mujibu wa tundu la ufunguo ameuangalia muda mrefu akatikisa kichwa kwa kuridhika. Au kwa kutoridhika. Tundu ni dogo.

Ameuliza mkwe yuko wapi. Magreth kasema niko chumbani. Ikabidi nimalizie mwenyewe kutokea humu: shikamoo mama, niko kwenye novena! Akasema marahaba baba, sali, usikatize. Mama mzuri sana yule.

Maharage yamo motoni. Napepea kwa mkono wa kushoto, naandika kwa wa kulia. Mpango ni huu: yakiiva, Magreth anayapitisha chini ya khanga hadi jikoni, yanatua juu ya mtungi, mama anakula maharage ya nishati safi yenye ladha ya mkaa. Moshi wenyewe ni mdogo kuliko nilivyodhani. Makaa yamekolea, mekundu, hayana hata harufu. Safi kabisa.

Kichwa kinagonga kidogo. Ni furaha.

Mama amemtuma Magreth sokoni kununua nazi. Amebaki peke yake sebuleni, namsikia akihesabu rozari. Na mimi nahesabu magunia. Yako manane. Sasa yako tisa. Nani ameleta la tisa?

Mistari ya daftari inapanda mlima. Nimeiambia ishuke.

Ezekiel alisema blanketi. Kweli kuna joto zuri. Nitalala kidogo juu ya gunia la

Jumapili, 14 Septemba

Niko hai. Niandike polepole, kichwa bado kizito.

Nimesimuliwa hivi. Mama alisikia sufuria ikianguka. Akapiga hodi mara tatu. Akaniita mkwe, akaniita baba, mwishowe akaniita Bartholomeo, jina ambalo hajawahi kulitamka miaka kumi na moja. Kimya. Magreth alikuwa bado sokoni. Mama alisimama mbele ya mlango ule asioruhusiwa kuuvuka. Akafanya ishara ya msalaba. Akausukuma.

Amenivuta kwa miguu kutoka chumbani, kupita korido nzima, hadi uani. Kwa magoti yaleyale! Nilikuwa nimevaa kaptula iliyochanika matakoni, mimi fundi cherehani. Mwaisha akanimwagia maji ya kufulia. Kwenye zahanati, muuguzi alisema mkaa uliowashwa ndani ya chumba kilichofungwa humaliza hewa ya kuvutia pumzi na kutoa sumu isiyo na harufu, na kwamba dakika chache zaidi familia ingekuwa inanitafutia suti. Nikamwambia suti ningeshona mwenyewe. Hakucheka mtu.

Magreth alinipiga na khanga. Akalia. Akanipiga tena. Usiku wa Ijumaa hakuniachia mkono. Nilipata hofu kubwa, nasema wazi. Si ya kufa tu. Niliogopa kwamba nimemkosesha shamba.

Mimi na mama hatutazamani. Tumekaa uani umbali wa hatua nne, tunazungumza kupitia Magreth. Mama anasema, "Mwambie anywe uji." Magreth ananiambia ninywe uji. Ninasema mwambie nimekunywa.

Jumatatu, 15 Septemba

Hukumu imetoka.

Mama alimuuliza Magreth, na Magreth akasema yote, kuanzia mtungi mtupu hadi novena. Hakubakiza hata kidogo! Nikaanza kumwona Ezekiel akiwa na jembe langu mkononi. Kisha mama akasema shamba atampa Magreth, kwa kuwa aliulizwa akajibu. Mke wangu akapiga magoti palepale. Nikataka kushangilia, mama akainua kidole, si kwangu, kwa Magreth.

Sharti. Kesho wanapanda Kinole pamoja kuotesha miche juu ya chemchemi kabla ya vuli. Jumapili ijayo wanarudi. Siku hiyo ikikutwa punje moja ya mkaa ndani ya nyumba hii, shamba linakwenda Mazimbu. "Na mwambie mkwe, asiupeleke kuuficha kwa jirani," akaongeza. Nikamwambia Magreth amwambie nimesikia.

Jioni Ezekiel amekuja kuuchukua mtungi wetu mtupu, akaurudisha ameujaza kwa hela yake. Nimeshukuru. Anatafuta nini yule?

Jumamosi, 20 Septemba

Nyumba imepooza bila Magreth. Nimepika maharage kwa gesi. Yana ladha. Sitamwambia mtu.

Kesho wanarudi. Siku nne nimezunguka na mawazo kuhusu magunia haya. Mwaisha anashauri niyauze. Nimemuuliza, nikiyauza, mnunuzi atayala? Atayachoma! Moshi utakwenda angani uleule, blanketi lilelile, na mimi nitakuwa nimeushiriki kwa siri. Ezekiel amesema kwa simu nimpe magunia mama lishe mmoja, angalau miti mingine isikatwe. Sijamwelewa. Mtu anapunguzaje mkaa kwa kuugawa?

Hapana. Safari hii nimetumia kichwa, na makosa ya Ijumaa nimeyasahihisha yote. Si chumbani, ni uani. Hakuna dirisha lililozibwa. Adui wa chemchemi ni mkaa, basi dawa ni kuumaliza mkaa. Nimemwaga magunia yote manane kwenye rundo moja. Nitayachoma yote leo, kwa mpigo, ili kesho mama akute nyumba haina hata punje na mlima umepumzika mapema.

Upepo ulikuwa unaelekea mlimani, nikangoja tangu asubuhi. Sasa umegeukia Dodoma. Kule ni kukavu siku zote, hawatagundua.

Mwaisha ameanua nguo zake. Nimewasha.

Naona mama na Magreth wameshuka kwenye bajaji pale kona, siku moja kabla. Wamesimama wanatazama juu. Moto unapendeza sana, nimewapungia mkono waje karibu.