Dereva wa Wageni Wasiolalamika

Jumatatu, tarehe 6 Juni

Shajara yangu mpenzi, salamu nyingi zikufikie humo kabatini, kati ya soksi na kitabu cha sala. U hali gani? Mimi mzima, namshukuru Mungu, ila goti la klachi linanung'unika kidogo.

Leo nimejiunga! Chama cha Wapenzi wa Magari ya Kale kimenipokea kwa majaribio. Jumapili watapiga kura, nibaki au nifungashe virago. Magari yao yamezeeka kuliko wenyewe, na wanayapapasa kama ng'ombe wa maziwa. Langu ni dogo, la buluu. Nilipewa na mjane wa mwalimu wa muziki kwa shukrani, maana nilimpeleka mumewe makaburini bila kumtikisa.

Na hapo ndipo penye mwiba. Mimi ni dereva wa gari la maiti tangu ujana. Kazi ya halali, thawabu tele, lakini ukiitaja tu, mkono wa mtu unarudi mfukoni. Mwenyekiti, daktari wa meno mstaafu, akataka kujua huwa naendesha watu gani. Uongo ni dhambi. Nikasema nabeba wageni wa heshima. Akauliza kama ni wasumbufu. Nikamjibu kwa dhamiri safi kwamba hajatokea hata mmoja aliyelalamika. Akaguna kwa kustaajabu.

Sasa siri yenyewe. Jumamosi magari ya chama yatapita mjini kwa msafara hadi uwanja wa mpira, watu watazame. Nataka kuongoza. Si majivuno. Haya, majivuno kidogo. Lakini zaidi ni mke wangu. Tangu tuoane hajaketi kando yangu garini hata siku moja. Aliapa hatapanda chombo ninachokiendesha mpaka aone watu wakikitazama na kutabasamu. Gari la mbele, nani asitabasamu?

Kizuizi ni kimoja: Kinyozi. Ana gari la njano linalong'aa kama jino la dhahabu, na ameongoza kila mwaka.

Jumanne, tarehe 7

Mpango wa kwanza: kung'aa kumzidi Kinyozi. Nikachukua mafuta ya nywele ya mke wangu, yale yenye harufu ya waridi, nikalipaka gari kuanzia boneti hadi nyuma. Likameremeta! Nikajiona sultani.

Kisha upepo ukavuma. Vumbi la mtaa mzima likapata pa kulala. Gari la buluu likawa la kahawia, lenye manyoya. Jirani akaniuliza kwa upole kama linaota.

Mke wangu hakugomba. Alikuja na kopo tupu mkononi, akaniambia, "Baba Watoto, gari lako sasa lina nywele kuliko wewe." Halafu akaniletea ndoo na sabuni.

Nimesali. Nimeomba subira. Nimeomba pia mvua iliangukie gari la njano peke yake, lakini ombi hilo nimeliondoa.

Jumatano, tarehe 8

Mpango wa pili: upelelezi. Nikaenda kunyolewa kwa Kinyozi ili nimchimbe. Kosa! Mtu anayeuliza maswali hakai chini ya wembe. Anayeuliza ni yule aliyeushika.

Akanifunga kitambaa shingoni, akataka kujua wageni wangu wa heshima ni wa namna gani. Nikasema watulivu. Akauliza kama wana mizigo. Nikasema wanasafiri wepesi sana. Akauliza kama wanatoa bakshishi. Nikasema wenyewe hapana, ila jamaa zao mara mojamoja, wakijikaza. Hapo wembe ukasimama. Nikageuka kumtazama, nao ukaendelea, ukaenda na nusu ya masharubu.

Akasema pole, akaiondoa na nusu iliyobaki ili zilingane. Nilienda kuchukua siri, nikaacha masharubu. Mke wangu alipofungua mlango akamkaribisha mgeni.

Alhamisi, tarehe 9

Nimeshinda! Mungu hamtupi mja wake, hata akiwa hana masharubu.

Mtihani wa kiongozi wa msafara ni huu: Mwenyekiti anaketi kando yako na bilauri ya maji pajani, imejaa pomoni, nawe unazunguka barabara ya mashimo nyuma ya soko. Kinyozi akatangulia. Akarudi na Mwenyekiti aliyeloa kuanzia mkanda hadi magoti, naye Mwenyekiti akimwambia taratibu kwamba yeye ni mgonjwa wa kiuno.

Zamu yangu. Nikashika usukani kama ninavyoushika siku zote, nikiwaza familia iliyo nyuma. Shimo, tukaliteremka kama tunaingia kitandani. Hakuna tone lililomwagika. Mwenyekiti alisinzia! Alipoamka alisema hajawahi kuendeshwa hivi maishani. Nikamwambia watu wengi hawajawahi maishani.

Nitaongoza. Mke wangu amekubali kupanda, maana gari la mbele halikosi tabasamu. Anapiga pasi gauni.

Ijumaa, tarehe 10

Sina la kuandika. Nimefurahi mno. Nimeosha gari kwa maji matupu.

Jumamosi, tarehe 11

Ee Mola.

Tulianza vizuri. Mke wangu kando yangu, gauni la maua, anapunga mkono kama malkia. Niliwaagiza wenzangu wote wawashe taa, waachiane nafasi sawa, wasipige honi, waende polepole. Ndivyo msafara unavyokwenda, au sivyo? Mimi sijui mwingine.

Kwenye duka la kwanza, wanaume wakasimama na kuvua kofia. Nikadhani wanatuheshimu. Fundi cherehani akafunga mlango nusu. Polisi wa barabarani akasimamisha malori, akatupigia saluti, uso umekunjamana. Hakuna aliyetabasamu. Mke wangu akashusha mkono. Akaniuliza kwa sauti ndogo mbona wale akina mama wanajifunika vichwa. Nikatazama kioo cha nyuma. Nyuma ya magari yetu watu walikuwa wakitembea kwa miguu, wengi, na wameanza kuimba. Polepole. Wimbo ninaoujua sana.

Nikasema moyoni, tukifika uwanjani mambo yatajirekebisha. Kwenye njia panda uwanja uko kulia. Wallahi kichwa changu kilijua uko kulia. Lakini mikono, Shajara! Mikono ina miaka yake na mazoea yake. Ikakata kushoto.

Magari yote yakanifuata. Hakuna nafasi ya kugeuza katika njia ile nyembamba. Ukuta huku, ukuta huku. Tukafika langoni. Mlinzi wa makaburi akafungua malango yote mawili, akatazama mkia wa msafara usioisha, akaja dirishani kwangu.

"Ndugu yangu," akasema, "leo wangapi?"

Mwenyekiti akateremka. Kinyozi akateremka. Nikajua uanachama wangu umekwisha, na kiti cha kando yangu kitabaki kitupu mpaka mimi mwenyewe nibebwe. Nikamgeukia mke wangu. Amejiinamia, amefunika uso kwa leso, mabega yanatikisika. Nimemliza! Akina mama wakamzunguka, wakampapasa mgongo, wakamwambia pole, jikaze, ni kazi ya Mungu. Akazidi kutikisika. Kisha leso ikadondoka, na nikaona anacheka, anacheka mpaka machozi, mpaka hawezi kupumua.

Mama mmoja akauliza kwa heshima marehemu ni nani. Kinyozi akajibu kwamba marehemu ni heshima ya chama. Mwenyekiti naye akanitazama, akaitazama ile bilauri ya mtihani aliyoisahau garini mwangu tangu Alhamisi, akasema polepole, "Wageni wasiolalamika." Na hapo yeye pia akashindwa kujizuia.

Cheko likatoka gari hadi gari. Waombolezaji walipojua hakuna aliyekufa, wakafurahi kuliko ambavyo waliokuwa wakitungoja uwanjani wangefurahi. Wakayazunguka magari, wakayashika, wakauliza ya mwaka gani. Mlinzi akalikalia gari la njano na kupigwa picha. Watu wengi hivyo chama hakijawahi kuwapata.

Tukirudi, mke wangu hakuhamia gari jingine. Alisema, "Baba Watoto, wametabasamu. Wamechelewa, lakini wametabasamu. Kesho unanipeleka wapi?"

Jumapili, tarehe 12

Wamepiga kura. Nimepita! Hata Kinyozi alininyooshea mkono, ingawa aliuchelewesha. Masharti mawili: niwe gari la mwisho daima, na mke wangu awe kando yangu kuniambia pa kukata.

La mwisho! Umeona cheo hicho? Mkubwa hafiki wa kwanza. Mkubwa hungojwa. Nimewashukuru kwa kunipandisha.

Na nimeshapata mpango mpya. Mwezi ujao binti wa Mwenyekiti anaolewa, na magari ya chama yatambeba. Nimejitolea kuongoza msafara wa bibi harusi. Nimemwambia Mwenyekiti ninaijua njia ya mkato, ina kivuli, ina ukimya, na mlinzi wake tunafahamiana. Ameinuka mbio kwenda kumtafuta Kinyozi. Ni furaha, naamini.

Nawe, Shajara yangu, usinyamaze kama wageni wangu. Je, taa siku hiyo niwashe au nizime? Nijibu upesi, tafadhali.